Maswali ya Sarafu za Kale: Tembo wa Tabora na Mihuri Yake Miwili

Mezani kwangu hapa Moshi lenzi ya saa imegeuka kuwa lenzi ya sarafu. Saa za kufungua na kusafisha zimebaki chache. Wanaokuja wengi wameshika kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo kuna rupia au hela ya Mjerumani. Mwezi huu nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kuna fedha ya kijana iko hatarini.

Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda, naishi Marangu. Kuna mtu wa Himo ananiuzia sarafu ya dhahabu ya Mjerumani yenye tembo, imeandikwa 1916. Anataka milioni nne, mbili nitangulize. Anasema babu yake alilipwa na mzungu wa shamba la kahawa Kibosho mwaka 1914, akaifukia karibu na mafiga. Amenipa na karatasi inayosema ni ile aina adimu zaidi, zilitoka 6,395 tu. Niliomba niipime kwa sonara mjini, mizani ikasoma gramu 4.1. Sonara akasema ni nyepesi, lakini muuzaji anadai dhahabu ya wakati wa vita ilikuwa nyepesi. Nimekutumia picha nane. Ni yenyewe?

Marahaba, mwanangu. Usitoe hiyo milioni mbili. Kama umeshaahidi, vunja ahadi leo na usione aibu.

Nianze na mizani, maana sonara wako alikwambia kweli. Sarafu ya tembo ya rupia 15 ni ya dhahabu ya sehemu 750 kwa 1,000. Uzito wake ni gramu 7.168, upana milimita 22 hivi. Ukichukua shaba ya njano ukaikata kwa upana uleule na unene uleule, utapata gramu 4 na pointi kidogo. Ndiyo hiyo uliyoishika. Hayo maneno ya dhahabu nyepesi ya vita ni ya kukulaza usingizi. Dhahabu haipungui uzito kwa sababu watu wanapigana. Kilichokuwa kimeadimika wakati ule wa Vita Kuu ya Kwanza ni fedha ya kulipia: Waingereza walikuwa wameziba njia ya bahari, sarafu haziji kutoka Ujerumani, na askari wanadai mishahara. Ndipo dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, ikapelekwa karakana ya reli ya Lulanguru, nje kidogo ya Tabora, ikagongwa sarafu.

Siku nyingine ukiwa na wasiwasi, mwombe sonara kitu kimoja zaidi. Aweke kikombe kidogo cha maji juu ya mizani yake, airudishe sifuri. Wewe funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji huku umeshika uzi, isiguse chini wala ubavuni. Mizani itasoma namba ndogo. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, ugawanye kwa namba hiyo. Tembo wa kweli ataleta kama 15. Shaba ya njano italeta 8 na nusu. Kipimo hiki hakikwaruzi wala hakichomi kitu, na sonara yeyote mwenye mizani ya pointi mbili anakiweza.

Halafu hadithi yenyewe. Babu alilipwa 1914, sarafu imeandikwa 1916. Hapo tu ungesimama. Tena Machi 1916 Waingereza walikuwa wameshaingia Moshi, na Tabora iko mbali, ng'ambo ya nchi. Mwenye shamba Kibosho angeipata kwa njia gani ili amlipe mchumaji wa kahawa? Sisemi kwamba sarafu za Tabora hazikufika kabisa Kilimanjaro. Askari na wapagazi walirudi kutoka vitani na vitu mifukoni, na fedha hutembea. Ila ukoo wenye sarafu kama hiyo utakusimulia habari ya mtu aliyerudi kutoka mbali, hautakusimulia mshahara uliolipwa kabla sarafu haijazaliwa.

Ningeweza kukomea hapo, lakini siwezi, na nitakwambia kwa nini. Huyu wa kwako ni tapeli mvivu. Kesho atakuja mwenye bidii, ameyeyusha dhahabu ya kweli, kaifikisha gramu 7 na pointi zake, na maji yatamkubali. Zipo za namna hiyo, kwa sababu tembo huyu anatafutwa duniani kote na bei yake inapita mbali thamani ya dhahabu iliyomo. Siku hiyo mizani haitakusaidia. Kitakachokusaidia ni muhuri.

Sarafu ya kweli haimiminwi kwenye kalibu kama kifuniko cha sufuria. Inagongwa. Kuna vipande viwili vya chuma kigumu, kila kimoja kimechongwa sura kinyumenyume. Kipande cha dhahabu kinawekwa katikati na mashine inakibana kwa nguvu mpaka dhahabu inajaa kila mfereji uliochongwa. Hivyo vipande vya chuma ndivyo ninavyoviita mihuri. Ya Tabora ilichongwa kwa mkono na sonara mwenye asili ya Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka leo. Sasa fikiria kazi ya mkono. Mimi nimechonga majina ya wastaafu nyuma ya saa kwa miaka mingi, na herufi A mbili nilizozichonga asubuhi moja, kwa patasi moja, hazilingani. Moja imeinama, nyingine mguu wake umezidi. Mchongaji akirudia muhuri, tofauti lazima iingie, na tofauti hiyo itazaliwa katika kila sarafu ya muhuri huo.

Kwa hiyo geuza sarafu upande wa tai. Juu imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, chini 15 RUPIEN, na pembeni kuna nakshi zinazojikunja kama mche unaotambaa. Ifuate nakshi ya mkono wa kulia mpaka ncha yake. Kwenye muhuri mmoja ncha inakoma chini ya herufi T ya OSTAFRIKA. Kwenye mwingine inakoma chini ya A inayofuata, ile A ya kwanza ya neno hilo. Ni hatua ya herufi moja tu, lakini ukishaiona mara moja hutaisahau. Za ncha chini ya T zilitoka 9,803. Za ncha chini ya A zilitoka 6,395. Ukijumlisha, tembo wote wa Tabora ni 16,198.

Karatasi ya muuzaji wako inataja 6,395, yaani ncha chini ya A. Nimeiangalia picha yako ya tatu mara nyingi. Ncha iko chini ya T, bila ubishi. Kwa haki, hilo peke yake halithibitishi kwamba sarafu ni bandia. Linathibitisha kwamba aliyeandika karatasi hakuiangalia sarafu, au hajui anachouza. Lakini nimejifunza kumwogopa mtu anayetaja idadi kwa usahihi halafu hawezi kukuonyesha alama inayohusika na idadi hiyo. Mwenye sarafu ya kweli na maarifa yake atakuwekea kidole hapo hapo.

Kuna jambo la ndani zaidi, na hili naomba ulisome taratibu. Kwenye uso wa sarafu kuna alama za aina mbili. Zipo zinazoinuka na zipo zinazozama. Chuma cha muhuri kikikwaruzwa, pale penye mfereji wa mkwaruzo dhahabu inaingia na kupanda, kwa hiyo kwenye sarafu utaona uzi mwembamba ulioinuka. Muhuri ukipasuka, ufa wake nao hutokea kama mshipa ulioinuka. Alama hizo ni za ukoo: kila sarafu iliyogongwa na muhuri ule katika hali ile inazo. Lakini sarafu yenyewe ikianguka sakafuni, ikisuguana na nyenzake mfukoni, ikipigwa na ufunguo, inapata jeraha linalozama. Hilo ni kovu lake peke yake. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kufanana pua, lakini hawawezi kuwa na kovu moja la panga, mahali pamoja, urefu mmoja.

Sasa nikueleze nilichokiona. Miaka miwili iliyopita mama mmoja wa Njiro, Arusha, aliniletea tembo aliyemnunua kwa fedha aliyokuwa ameweka kwa ajili ya ada ya shule ya mwanawe. Ilikuwa bandia, na siku ile nilikosa maneno ya kumwambia, nikamwita mke wangu aje akae naye. Kabla hajaondoka nilichora kwenye daftari langu makovu ya sarafu ile, kwa sababu nilihisi itakuwa na wenzake. Niliandika hivi: mkwaruzo unaozama, unaanzia ukingo wa sikio la tembo, unashuka kuelekea mguu wa mbele, umevunjika katikati kama ulioruka. Na kishimo cha duara kando ya tarakimu 9 ya 1916.

Picha yako ya sita, ile uliyopiga dirishani, ina mkwaruzo huohuo. Sikio, mguu, na ule mruko katikati. Kishimo kando ya 9 kipo. Sarafu mbili, miji miwili, miaka miwili tofauti, kovu moja. Maana yake ni kwamba mtu alichukua sarafu moja yenye jeraha, akatengeneza kalibu kwa kuikandamiza, na kalibu ikanakili kila kitu, na jeraha pia. Kila anayoitoa humo inazaliwa na kovu la mwenzake.

Ukishajua hivyo utaona na mengine. Sarafu ya kumimina herufi zake zina kingo laini, kama sabuni iliyotumika siku mbili. Katikati ya herufi na kwenye uwanja wa sarafu kuna vishimo vidogo vya hewa iliyonaswa. Kwenye picha yako ya pili vipo vitatu ndani ya K ya OSTAFRIKA. Ya kweli niliwahi kuishika mara moja tu maishani, ya familia moja ya Machame ambayo haiiuzi. Kazi yake haikuwa ya kupendeza kama sarafu za Berlin, mlima nyuma ya tembo umechongwa kwa haraka ya vita. Lakini kingo za herufi zilisimama wima, na uwanjani kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizoinuka, alama za jiwe la kunolea muhuri. Niliizungusha kwenye mwanga kwa muda mrefu sana, mwenye nyumba akanionea huruma akaniongezea chai.

Kuhusu mwanga: picha zako saba kati ya nane ulipiga na flashi, zimeng'aa zote na hazisemi mengi. Zima flashi. Kaa dirishani asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, sarafu iwe bapa juu ya karatasi nyeupe. Hakikisha unajua mwanga unatoka upande gani wa picha na uniandikie, kwa sababu jicho limezoea mwanga wa kutoka juu. Mwanga ukitoka chini ya picha, kilichozama kitaonekana kimeinuka na kilichoinuka kitaonekana kimezama, na hukumu yote itapinduka. Mimi mwenyewe huzungusha sarafu nusu mzunguko na kuangalia tena kabla sijasema neno. Usiguse kwa sindano wala kwa ncha ya kisu kutafuta mfereji.

Muuzaji mrudishie sarafu yake bila ugomvi, picha ubaki nazo, na mwambie mwenyekiti wa kitongoji chako nani anazunguka na nini. Ikija siku ukampata tembo mwenye uzito sahihi, ncha iliyo mahali pake na asiye na kovu lililo kwenye daftari langu, usiniamini mimi peke yangu. Kuna kampuni za Marekani, NGC na PCGS, zinazopima na kufunga sarafu kwenye kasha lenye namba. Ni gharama, lakini kwa kitu cha bei hiyo, muuzaji mwaminifu hatakataa kusubiri.

Shikamoo Babu. Nauza mbogamboga Tengeru. Nikilima nimeokota duara la shaba, upande mmoja kuna taji na herufi D.O.A., 1916 na T, upande mwingine 20 HELLER. Jirani anasema nisugue kwa majivu na ndimu ing'ae ndipo itapata mnunuzi. Nifanyeje?

Marahaba, mama. Usisugue! Naandika kwa msisitizo kwa sababu nilishawahi kufanya kosa hilo. Mwaka wangu wa tatu kazini mzee mmoja aliniletea hela kama hiyo ya kwako, imekaa rangi ya kahawia nzuri, nami nikataka kumfurahisha. Niliiosha kwa ndimu mpaka ikawa ya waridi kama ngozi iliyoungua. Vipindo vidogo vya herufi, ambavyo ndivyo vingemwambia ana aina gani, nilivilainisha kwa mikono yangu. Mzee alinishukuru, hakujua. Mimi nilijua baadaye, naye alikuwa ameshafariki.

Ulichoshika ni ndugu wa tembo wa Tabora, aligongwa wakati wa vita ileile. Herufi tatu ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, na T ni Tabora. Na neno Heller ndilo hilo hilo tunalotamka kila siku tukisema hatuna hela. Ziligongwa za shaba nyekundu na za shaba ya njano, nyingine kutoka maganda ya risasi, kwa hiyo usishangae ya kwako ikiwa nene kuliko ya jirani. Unene wake si ushahidi wa ubandia, tofauti na sarafu za Ulaya.

Ioshe kwa maji safi tu, bila kusugua, iache ikauke juu ya kitambaa. Kisha tazama mambo mawili. Taji: lipo kubwa na lipo dogo, mihuri miwili ya upande ule. Utahitaji picha ya zote mbili kulinganisha, nitumie yako nami nitakwambia. Kisha neno HELLER, tazama L mbili zilizofuatana, kwenye ncha ya mguu wa kila L. Kuna muhuri ambao L zote mbili zina ncha kali, kuna ambao zote mbili zimepinda kidogo kama ukucha, na kuna ambao L ya pili tu ndiyo iliyopinda. Taji mbili, L za namna tatu, metali mbili. Michanganyiko hiyo haikutoka kwa wingi sawa: ipo ya kawaida na ipo inayofanya watu wapande basi kutoka mbali kuja kuiona. Hela nyingi za 20 ni za kawaida, nisikupe tumaini la bure. Lakini usiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla hatujazisoma L zako. Ikiwa udongo umeganda juu yake, iloweke kwenye maji usiku kucha, ubadilishe maji asubuhi, hata siku tatu. Haraka haina faida hapo.

Mzee Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, Usa River. Nina rupia moja ya fedha ya 1892, mfalme amevaa kofia yenye tai. Nimeambiwa sarafu za Mjerumani lazima ziwe na A ya Berlin au J ya Hamburg. Ya kwangu haina herufi yoyote. Ni feki?

Mwalimu, heshima yako. Kutokuwa na herufi ni sawasawa kabisa kwa mwaka huo. Rupia za Kampuni ya Kijerumani, zenye jina refu la Gesellschaft na ngao ya simba na mnazi, ziligongwa Berlin tangu 1890 hadi 1902 bila herufi ya mji. A na J zilianza kuonekana 1904, fedha ilipokuwa ya serikali na rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Kwa hiyo ungekuwa na 1892 yenye J, hapo ndipo ningekuwa na shaka.

Uzito wake uwe gramu 11.66 au pungufu kidogo kwa kuchakaa, na sumaku isiishike. Kwenye picha yako naona jambo moja la kuangalia: juu ya kofia, ukingoni, pana uvimbe mdogo wenye rangi ya kijivu kuliko sehemu nyingine. Nadhani ni risasi ya kulehemu. Wanawake wengi walizivaa rupia hizi shingoni, fundi akalehemu kishikio, baadaye kikabanduliwa. Hilo linashusha bei, halishushi ukweli wa sarafu. Usimruhusu mtu aitie tupa kusawazisha. Na iondoe kwenye hiyo plastiki laini uliyoipigia picha, maana plastiki ya namna hiyo huacha utelezi wa kijani juu ya fedha. Ifunge kwa karatasi kavu isiyo na wino, na kama mkeo au mama yako aliwahi kuivaa, andika jina lake kwenye karatasi hiyo.